Malai Ilikwenda Wapi?

Disemba iliyopita nilijitolea kumwokea rafiki yangu keki ya siku yake ya kuzaliwa. Keki yenyewe ilitoka fiti. Iliyonishinda ni krimu. Nilikuwa nimenunua pakiti mbili za krimu nzito kwenye supamaketi, zile ndogo zinazokaa kwenye friji karibu na jibini, na bei yake iliniuma. Nikaimimina kwenye bakuli, nikawasha mashine ya kupigia mayai, nikaanza kuangalia simu. Krimu ikavimba, ikawa laini kama povu, na hapo ndipo nilipofaa kusimama. Sikusimama. Kufumba na kufumbua ikaanza kukatikakatika, ikageuka rangi ya manjano, na maji meupe yakajitenga chini ya bakuli.

Nikapiga picha nikamtumia binamu yangu aliyekuwa ushago kwa Shosho. Haikupita dakika mbili akanipigia, simu iko kwa spika, na cha kwanza kusikia ni Shosho anacheka.

"Sasa hapo umeharibu nini? Hiyo ni siagi," akasema. "Mwaga hayo maji. Ioshe kwa maji baridi mara mbili tatu, uikande, utie chumvi."

Nikashangaa. Maisha yangu yote kwa Shosho ni mkate na Blue Band. Sijawahi kuona siagi ya kutengenezwa kwa mkono pale jikoni kwake. Nikamuuliza alijulia wapi.

"Nilikuwa nazungusha mashine ya Mzungu nikiwa mtoto. Siagi nilikuwa naiona kila siku. Kuionja, niliionja nikiwa mama wa watoto watatu."

Kisha akaniuliza kama nimekula, kama kawaida yake, na mazungumzo yakahamia kwa mambo mengine. Lakini ile kauli haikunitoka. Mtu anawezaje kutengeneza kitu kila siku ya utoto wake, asikionje hadi awe na watoto watatu? Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua malai ya nchi hii ilikuwa ikienda wapi.

Tuanze na neno lenyewe. Wengi wetu tunasema krimu, lakini Kiswahili kina neno lake la zamani, malai, lililokuja na Wahindi kwa njia ya bahari. Malai ni yale mafuta yanayopanda juu maziwa yakitulia. Maziwa ni maji yenye sukari, protini na chembechembe ndogo za mafuta zinazoelea ndani yake. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hivyo ukiyaacha maziwa mabichi usiku kucha mahali penye baridi, asubuhi utakuta tabaka nene juu. Ukiliondoa kwa kijiko, hiyo ndiyo malai. Kinachobaki chini ni maziwa mepesi, yenye rangi ya samawati kwa mbali, ambayo tumboni hayakai.

Kama umekulia kwa maziwa ya pakiti, huenda hujawahi kuiona. Maziwa hayo hupitishwa kwa mashine yenye shinikizo kubwa inayovunja zile chembe za mafuta ziwe ndogo kabisa, zisiweze kupanda tena. Ule utando unaogandamana juu ya chai, ambao tukiwa watoto tuliutoa kwa kidole tukaupaka kwenye ukuta mama asione, ni kitu kingine. Utando huo kwa sehemu kubwa ni protini iliyoshikana kwa joto na kunasa mafuta kidogo.

Krimu nzito ni malai yenye mafuta mengi, kama asilimia 36 hivi au zaidi. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe yana kama asilimia 4. Piga hesabu: ili kupata lita moja ya krimu nzito unahitaji kama lita tisa au kumi za maziwa. Hiyo hesabu iweke kichwani, kwa sababu hadithi yote iko hapo. Penye lita moja ya krimu, kuna lita nane au tisa za kitu kingine ambazo lazima ziende mahali, na kuna mtu anayeamua nani apewe kipi.

Watu wa maziwa walikuwa hapa kabla ya mashine. Wamaasai, Wakalenjin, Wasomali, Waborana, wote walijua kuyahifadhi maziwa katika vibuyu na vyombo vilivyofukizwa moshi wa mti fulani, na wote walijua kwamba ukikitikisa chombo kwa muda wa kutosha, mafuta hushikana na kuwa siagi. Siagi ikichemshwa hadi maji yakauke, inakuwa samli. Malai huharibika kwa siku chache, na siagi nayo haivumilii joto. Samli hukaa miezi. Ndiyo maana katika nchi ya jua kali mafuta ya maziwa yalisafiri kama samli. Yalishuka hadi Pwani, yakaingia kwenye pilau na biriani, na yakaingia kwenye halua ya Mombasa, ambayo bila samli inabaki wanga na sukari tu.

Mojawapo ya nchi bora za malisho ilikuwa Bonde la Ufa, kuzunguka Naivasha na Nakuru. Wamaasai walilisha mifugo yao pale. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, ikipita katikati ya nchi hiyo, na serikali ya kikoloni ikataka walowezi wa kuilipia gharama. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka bondeni, wengine wakapelekwa kusini na wengine Laikipia, wakiahidiwa kwamba ardhi hiyo mpya ingekuwa yao daima. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia pia. Waliukataa hadi mahakamani mwaka 1913, wakashindwa. Kwa hivyo sura ya kwanza ya krimu ya Kenya ni ya watu wa maziwa kuondolewa kwenye nyasi zao.

Walowezi hawakuanza kwa raha. Lord Delamere, aliyechukua shamba kubwa Njoro mwaka 1903, aliona ng'ombe wake wa kigeni wakifa kwa maradhi ambayo mifugo ya hapa ilikuwa imeyazoea. Lakini polepole, kwa kuchanganya ng'ombe wa nchi hii na madume ya Ulaya, walipata kile ambacho hadi leo tunakiita ng'ombe wa gredi. Friesian, Ayrshire, Guernsey, Jersey: majina haya yalianza kusikika kwenye mabonde ambayo hapo awali yalijua zebu tu.

Shida iliyofuata ilikuwa ya soko. Wateja wa maziwa walikuwa Nairobi na mashamba yalikuwa mbali. Barabara ilikuwa tope na barafu haikuwepo. Maziwa yakikamuliwa asubuhi Kinangop, yangefika Nairobi yamechacha. Jawabu lilikuwa mashine iliyobuniwa mwaka 1878 na mhandisi wa Uswidi, Gustaf de Laval. Ni bakuli la chuma linalozunguka kwa kasi ya ajabu. Maziwa yakiingia, sehemu nzito inatupwa nje pembeni, na malai, kwa kuwa ni nyepesi, inakusanyika katikati. Kila moja inatoka kwa mdomo wake. Kazi iliyochukua usiku mzima inakwisha kwa dakika, na haihitaji umeme. Inahitaji mkono wa kuizungusha tu.

Mkono mmojawapo ulikuwa wa Shosho. Baba yake alikuwa mkamuaji kwenye shamba la setla huko Kinangop, na yeye, akiwa na miaka minane au tisa, alisimama juu ya sanduku ili aufikie mpini wa mashine. Anasema ilikuwa na kengele. Ukizungusha polepole, kengele inalia. Ukifika kasi inayotakiwa, inanyamaza. "Kwa hivyo Mzungu akiwa nyumbani kwake anakunywa chai," alinieleza, "akisikia kengele anajua tumechoka."

Kwa mkulima, faida ya mashine ilikuwa hii: badala ya kusafirisha mikebe kumi ya maziwa, anasafirisha mmoja wa malai. Na hata malai ikichacha kidogo njiani, bado inafaa kwa siagi. Kwa hiyo walowezi wa Naivasha, Nakuru, Lumbwa na Nanyuki hawakuwa wafugaji wa maziwa tu. Walikuwa wakulima wa malai. Mwaka 1925 waliunda Kenya Co-operative Creameries, KCC, kiwanda cha kwanza kikiwa Naivasha, na baadaye viwanda vya Lumbwa na Nanyuki vikajiunga nayo. Mkebe ulifika stesheni, ukapelekwa kiwandani, ukapimwa mafuta, na mkulima akalipwa kulingana na kiasi cha mafuta yaliyomo. Siagi nyingine ililiwa na Wazungu wa hapa na nyingine ikapakiwa meli kwenda Uingereza.

Nikarudi kwenye ile hesabu yangu. Zile lita nane au tisa zilienda wapi? Zilibaki shambani. Sehemu ililishwa ndama. Sehemu ikapewa wafanyakazi pamoja na posho yao ya unga. Shosho anayakumbuka na kuyaita maji ya mashine. Na sehemu kubwa ikalishwa nguruwe. Hii ilikuwa kanuni ya ufugaji kote duniani: palipo na kiwanda cha siagi, karibu hapo pana nguruwe. Nguruwe wa masetla walipelekwa kwenye kiwanda cha bekoni cha Uplands, kule Lari, kando ya reli. Malai na bekoni zilikuwa pacha, na zote mbili ziliishia kwenye sahani moja ya kiamshakinywa.

Septemba 1947 wafanyakazi wa Uplands waligoma. Ulikuwa mwaka wa migomo. Mombasa ilikuwa imesimama mnamo Januari, na kiongozi wa wafanyakazi, Chege Kibachia, alikuwa amekamatwa mwezi Agosti. Pale Uplands polisi waliwafyatulia risasi, na watu watatu wakafa. Nimepita Uplands mara nyingi nikienda ushago, matatu inapanda ule mlima na ukungu umetanda, na sikuwahi kujua.

Upande wa maskwota nao una neno lake. Familia kama ya Shosho ziliruhusiwa kukaa kwenye shamba la setla, kulima kipande na kufuga mifugo yao, kwa malipo ya kumfanyia setla kazi idadi fulani ya siku kwa mwaka. Miaka ya mwanzo wengi walikuwa na mifugo mingi, na wengine ndiyo maana walihama Gikuyuni kwenda Bonde la Ufa. Lakini setla alipoanza kununua ng'ombe wa gredi wa bei kali, ng'ombe wa skwota akageuka adui. Walisema analeta maradhi, anamaliza nyasi, na dume lake litaharibu mbegu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kampeni ya kuondoa mifugo hiyo, na watu wenyewe wakaiita kifagio, kwa sababu ilifagia. Sheria ya 1937 ikawapa walowezi uwezo wa kuweka kikomo wenyewe, wilaya kwa wilaya, skwota awe na mifugo mingapi na alime ekari ngapi. Maeneo ya ng'ombe wa maziwa ndiyo yaliyokuwa makali zaidi.

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niweke simu chini nikae kimya. Nilikuwa nimedhani Shosho hakuonja siagi kwa sababu walikuwa maskini, basi. Kumbe babu yake alikuja Kinangop na ng'ombe. Alikuwa na maziwa yake. Kufikia wakati Shosho anazaliwa, kwao kulikuwa na mbuzi wawili na ruhusa ya kuchukua mtungi mmoja wa maji ya mashine. Umaskini wao ulitengenezwa, hatua kwa hatua, kwa sheria, ili ng'ombe wa mtu mwingine wapate nyasi.

Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari. Maelfu ya Wagikuyu wakafukuzwa kutoka mashamba ya walowezi wakapakiwa kwenye malori na mabehewa kurudishwa katika maeneo ambayo wengi wao hawakuwahi kuishi. Familia ya Shosho ilikuwa miongoni mwao. Anachokumbuka ni kwamba walitoka asubuhi, kabla ya kukamua, na ng'ombe wa Mzungu walikuwa wanalia kwa sababu chuchu zimejaa. Hakuna aliyewakamua.

Mwaka 1954, vita vikiendelea, ukatolewa Mpango wa Swynnerton. Ulikuwa na hesabu ya kisiasa: Mwafrika akipewa hatimiliki, akapanda kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi, atakuwa na kitu cha kupoteza na hatataka fujo. Kabla ya hapo biashara ya ng'ombe wa gredi ilikuwa kwa sehemu kubwa imefungiwa Wazungu. Sasa mlango ukafunguliwa kidogo. Kituo cha Kabete cha kupandisha ng'ombe kwa sindano, kilichoanza 1946, kikawa njia ya mkulima mdogo kupata mbegu ya dume la Ulaya bila kulinunua dume lenyewe.

Halafu uhuru. Kuanzia 1962 serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa, mpango uliojulikana kama wa ekari milioni moja. Kinangop ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizogawiwa. Shosho na mumewe walipata kipande, na tusidanganyane, hawakupewa bure. Ulikuwa mkopo, na waliulipa kwa miaka. Walichagua kulipa kwa maziwa. Ng'ombe wao wa kwanza alikuwa wa gredi, Ayrshire, na jina lake ni mwiko kulitaja vibaya katika familia yetu.

Ndipo Shosho akaonja siagi. Alikuwa na watoto watatu tayari. Maziwa ya jioni yalikuwa yamebaki, akayaacha usiku, asubuhi akatoa malai kwa kijiko akaitia kwenye chupa na kuitikisa akiwa amekaa mlangoni. Hakuwa na mashine wala kengele. Akapaka kwenye kiazi kitamu, akakila peke yake kabla watoto hawajaamka. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema: "Ilikuwa nzuri. Lakini nilikasirika."

Kupata ng'ombe hakukumaanisha kupata bei. KCC ilikuwa na mfumo wa mgao uliorithiwa kutoka kwa walowezi: wenye mkataba walilipwa bei nzuri kwa maziwa yanayouzwa mjini, na maziwa ya wengine yalihesabiwa kama ya kutengenezea siagi na bidhaa nyingine, kwa bei ya chini. Wenye mkataba walikuwa hasa wenye mashamba makubwa. Tume iliyoongozwa na Mwai Kibaki ilipendekeza mwaka 1965 mfumo huo uondolewe, na katika miaka iliyofuata ukaondolewa. Kwa mara ya kwanza lita ya mkulima mdogo ikawa sawa na lita ya mkubwa.

Mama yangu ni wa kizazi cha maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979, zile pakiti za pembe tatu zilizogawiwa bure shuleni. Bado anazungumza juu yake kama mtu anayezungumzia mpenzi wa zamani. Mwaka 1992 soko la maziwa likafunguliwa kwa kampuni nyingine, KCC ikaporomoka kufikia mwisho wa muongo huo, na mwaka 2003 serikali ikairudisha kwa jina la New KCC. Siku hizi sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hayapiti kiwandani kabisa. Yanapita kwa bodaboda, kwa mama wa kibanda, kwa ile mashine ya mtaani unayoweka shilingi ishirini ikakupimia. Na karibu yote yanaishia kwenye chai. Sisi hatukuwa taifa la krimu. Malai yetu tunaichemsha na majani, tunaikoroga, tunaigawa kwa wote waliomo nyumbani, pamoja na mgeni aliyefika ghafla.

Lakini haimaanishi kwamba hatukuwa na upishi wa krimu. Tunao, ila una majina mengine. Nenda Mombasa au Lamu uangalie mtu akikuna nazi. Akikamua mara ya kwanza, kwa maji kidogo au bila maji, anapata kasimele, tui zito kabisa. Akikamua tena anapata tui jepesi. Jepesi linatangulia sufuriani, ndilo linaloivisha mbaazi au samaki. Kasimele inakuja mwisho, moto ukiwa mdogo, na hapo hufuniki wala huachi lichemke ovyo, maana litakatika. Huo ndio ujuzi wa krimu. Mpishi wa Paris akimwaga krimu kwenye mchuzi dakika ya mwisho anafanya jambo lile lile analofanya mama wa Lamu, na tofauti ni kwamba mama wa Lamu hakuhitaji ng'ombe, reli wala skwota.

Kwenye nyumba za Wahindi wa Nairobi, Kisumu na Mombasa, malai ilitoka kwenye sufuria. Maziwa yalichemshwa, yakapoa, tabaka la juu likatolewa na kuhifadhiwa siku baada ya siku. Likitosha, likafanywa samli, au likaingia kwenye kofta za malai, au kwenye kulfi, ambayo ni maziwa yaliyopunguzwa kwa moto hadi yakawa mazito, yakagandishwa. Huko hakuna kilichotupwa. Hata yale maziwa yaliyobaki yaligandishwa kuwa mtindi.

Sasa ukinunua ile pakiti ndogo, haya ndiyo niliyojifunza kwa kuharibu. Ukitaka kuipiga ivimbe, lazima iwe baridi, na bakuli pia liwe baridi. Kinachotokea ni kwamba unaingiza hewa, na chembe za mafuta zinajipanga kuzunguka mapovu na kuyashika. Mafuta yakiwa na joto yanalainika, hayashiki. Yakiwa chini ya asilimia 30 hivi hayatoshi. Ukizidisha, chembe zinaachana na hewa na kushikana zenyewe, na hapo unakuwa na siagi, kama mimi. Ukitaka kuipikia, krimu nzito haikatiki kwa urahisi hata ukiitia ndimu, nyanya au ukiichemsha, kwa sababu ina mafuta mengi na protini kidogo; ni maziwa ya kawaida yanayokatika. Kwa hivyo inaingia vizuri kwenye mchuzi wa kuku wenye nyanya, kwenye supu ya uyoga, na kwenye viazi vilivyokatwa vyembamba vikaokwa na kitunguu saumu hadi juu paive. Ukiipasha moto ukaimwagia juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, ukaacha dakika chache ukakoroga, una kitu cha kufunika keki na hutahitaji kupiga chochote.

Ile siagi yangu niliiosha kama nilivyoambiwa. Ilitosha kijaruba kidogo. Keki tuliila bila krimu, na mkate tukaupaka siagi, na rafiki yangu akasema ndiyo bora zaidi.

Krismasi nikaenda ushago na pakiti tatu za krimu kwenye begi. Nilitaka kumwokea Shosho vile viazi. Aliishika pakiti, akaigeuza, akasoma bei iliyobandikwa, akaniuliza hiyo ni ya lita ngapi. Nikamwambia robo. Akanyamaza kidogo. Bei wanayolipwa kwa lita nzima pale kwenye chama chao cha ushirika anaijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa, na nikaona anaipiga ile hesabu ya mikebe kumi na mmoja, bila karatasi. Hakusema kitu. Alirudisha pakiti kwenye begi langu.

Usiku ule aliweka sufuria ya maziwa ya jioni kwenye kile chumba cha nyuma chenye baridi, akaifunika kwa sinia. Asubuhi, kabla ya chai, aliniita tukatoa malai pamoja, yeye na kijiko, mimi na bakuli. Haikuwa nyingi. Viazi tuliviokea hiyo, kwenye sufuria yenye makaa juu na chini, na vilitoka na ukoko wa rangi ya dhahabu. Aliwapakulia wajukuu wadogo kwanza, akajipakulia mwenyewe, akatupakulia sisi wakubwa. Kisha akanituma nje na yale maziwa mepesi yaliyobaki.

Nikamuuliza nimpelekee nani.

"Mbwa," akasema. "Na umwambie asilalamike."